Ngalawa ya Uvuvi na Mashindano: Umbo la Chombo na Njia ya Mbio Pwani ya Kwale

Mada kwa semina ya mafundi wa vyombo, viongozi wa BMU na maafisa wa uvuvi, Msambweni

1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze namna chombo kimoja kinavyoweza kuvua siku za kazi na kushindana siku ya sikukuu. Mada hii haikusudii kuinyooshea kidole kamati yoyote ya mbio.

2. Istilahi

Ngalawa, kama sote tujuavyo, ni gogo lililochongwa, aghalabu la mwembe, lenye matengo mawili, mlingoti, foromali na tanga la pembe tatu. Mashua huundwa kwa mbao juu ya mkuku na mataruma. Kusi na kaskazi hazihitaji maelezo mbele ya kikao hiki.

3. Tatizo la bisho

Mbio hutaka wepesi na tanga kubwa. Uvuvi hutaka nafasi ya nyavu na samaki, na tanga ambalo watu wawili wanalimudu. Hilo lina dawa: matanga mawili kwa chombo kimoja. Lisilopata dawa ni kwenda bisho, yaani dhidi ya upepo.

Wakati wa kusi, mvuvi wa Msambweni aliyefika karibu na Chale hana budi kurudi kusini dhidi ya upepo. Atavuta demani apendavyo, lakini gogo lisilo na mkuku mrefu husukumwa pembeni. Kinachomsaidia ni mbao za matengo. Zikiinamishwa vizuri, ubao wa upande wa demani huyakata maji kama kisu na kukishikilia chombo. Zikilazwa bapa, huteleza tu. Tanga la turubai nalo hufura likaongeza msukumo wa pembeni. Kisha kuna kukisi: chombo huupa upepo tezi, foromali ikazungushwa mbele ya mlingoti, na kila mzunguko hula masafa yaliyokwisha kupatikana. Ukiwa nje ya mwamba, mwamba huo uko upande wa demani, na mlango ni mwembamba.

Mafundi wanayajua haya. Mbona basi hayarekebishwi? Kwa sababu mbio nilizoshuhudia hukimbizwa upepo ukiwa nyuma au ubavuni, ili wageni wa hotelini waone matanga yamejaa. Zawadi huenda kwa tanga kubwa na matengo mepesi. Fundi huchonga kinachoshinda, na msimu unaofuata wavuvi humwagiza kama hicho. Nimelisema hili vikaoni kwa miaka. Huandikwa kwenye kumbukumbu likabaki humo.

Si letu peke yetu. Agosti 1979 vyombo 303 vilianza mbio za Fastnet kutoka Uingereza. Dhoruba iliwaua mabaharia 15 na kuzamisha vyombo 5. Baadaye uthabiti wa baadhi ya vyombo vyepesi na vipana ulihojiwa, kwa kuwa vilibuniwa kuridhisha kanuni za vipimo vya mashindano. Huko pia kanuni ilitangulia kukichonga chombo.

4. Mapendekezo

(i) Kila mbio iwe na kipande cha bisho, kisichopungua theluthi ya njia.
(ii) Chombo kishindane na uzito wa kazi: nyavu, nanga na magunia ya mchanga badala ya samaki.
(iii) Gunia lisitupwe baharini njiani. Mizani iwe mwanzo na mwisho.
(iv) Ukubwa wa tanga upimwe kwa urefu wa foromali.
(v) Mafundi wakubaliane juu ya mwinamo wa mbao za matengo, na wajaribu vyombo viwili sambamba kabla ya kusi kukolea.
(vi) Mafunzo ya kushona matanga yatolewe, maana turubai iliyofura haiendi bisho.
(vii) Kila baharia avae jaketi la kuokolea maisha, mbioni na kazini.
(viii) Kuwe na zawadi ya pekee kwa chombo kitakachokwenda bisho vizuri kikiwa na shehena.
(ix) Kama ilivyoelezwa katika (i), njia ya mbio ibadilishwe.

Natambua kwamba kamati zina wafadhili, na wafadhili wana matakwa yao. Boya la kuzungukia laweza kuwekwa mbele ya hoteli hizo hizo, na wageni wakaona bisho pia. Namwomba katibu aandike, mkabala wa pendekezo (i), jina la atakayelitekeleza na tarehe.