Bei ya Maji ya Chemchemi

Msikilizaji, mwaka 1838 Mfaransa Antoine Augustin Cournot aliuliza: mwenye chemchemi ya maji ya dawa, asiye na gharama wala mshindani, auze kwa bei gani?

Tuseme chupa zinazonunuliwa ni 120 kutoa mara mbili ya bei. Bei ya 20 huingiza 1,600. Ya 40, vilevile 1,600. Kilele kiko wapi? Derivativu, yaani kasi ya mapato kubadilika bei inapopanda, ni 120 kutoa mara nne ya bei. Inakuwa sifuri bei ikiwa 30: mapato 1,800.

Sasa kila chupa igharimu 10. Wengi, nadhani, wangepandisha bei hadi 40, wapate faida ya 1,200. Hesabu inasema 35: faida 1,250.