TUBISHANE NDANI, TUAMUE, KISHA TUSIMAME PAMOJA

(Maneno ya hotuba iliyosemwa mbele ya wanachama wa Nachingwea na Ruangwa)



Tumepita matawi ya wilaya hizi mbili, na kila tulikofika tumekuta ubishi mmoja: madini ya kinywe yachimbwe au yaachwe? Kijana wa Ruangwa asema yachimbwe, apate kazi. Mzee mwenye mikorosho asema shamba lake si la kung'olewa. Nachingwea wengine wasema jambo hilo ni la Ruangwa, halituhusu. Na wako wanaonong'ona kwamba chama kinachobishana hivi kimekwisha. Afadhali viongozi waamue na wengine wanyamaze. Tumekuja kuwaambia kuwa maneno hayo si kweli.

Tazameni ardhi mnayoikanyaga. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kulima karanga ekari 3,210,000, sehemu kubwa katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na huku kwetu kusini. Waingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Matingatinga yakaja, msitu ukang'olewa, bandari ikajengwa Mtwara, reli ikaletwa mpaka Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na karibu pauni milioni 36 zimepotea. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Je, walikosa fedha? Hawakukosa. Walikosa mitambo? Ilikuwako. Walichokosa ni mtu wa kuwabishia akasikilizwa. Mkulima aliyeujua udongo na mvua ya kwao hakuulizwa neno.

Sasa tazameni Tabora, mwezi wa Januari 1958. TANU ilikutana kuamua juu ya uchaguzi wa kura tatu. Sheria ya wakoloni ilimtaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, tena iliwazuia wananchi wengi kupiga kura kwa sababu ya kipato na elimu. Wajumbe wengi walifika na hasira, wakitaka uchaguzi ususiwe. Mwalimu Nyerere hakuwafunga midomo. Alibishana nao, akatoa mfano wa mtu mwenye shamba ng'ambo ya matope: akiogopa kuchafuka, shamba halipati. Mkutano ukakubali kuingia. Ndugu Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka akaunda chama chake cha African National Congress. Waliobaki wakaushika uamuzi, hata wale walioupinga, na katika uchaguzi wa 1958 na 1959 TANU ikashinda. Hapo twajifunza mambo mawili: ubishi haukuua chama, na uamuzi ulipopatikana haukuchezewa.

Jambo hili si letu peke yetu. Kwetu mtu akisema chama cha kijani, watu hufikiri rangi ya bendera. Ujerumani kiko chama kinachojiita cha Kijani tangu 1980, kwa kuwa kazi yake ni kulinda misitu, maji na hewa. Nacho hubishana. Mwaka 1999, kikiwa serikalini, wanachama wake waligombana juu ya vita vya Kosovo hata waziri wao, Joschka Fischer, akarushiwa rangi nyekundu mkutanoni. Jirani zetu wa Kenya walimwona Mama Wangari Maathai, mpanda miti, akiingia bungeni mwaka 2002 na kuwa naibu waziri mwaka 2003. Yeye naye alijua kwamba mti haulindwi kwa jembe peke yake. Walindwa pia kwa sheria.

Basi sikilizeni kwa makini. Watu wa Ulaya wanataka magari ya umeme ili hewa yao iwe safi. Betri za magari hayo hutaka kinywe, na kinywe kiko Ruangwa. Yaani ukijani wa kule waweza kuwa shimo la huku. Kijana anayetaka kazi si msaliti. Njaa yake ni ya kweli. Mzee anayekataa si mjinga. Mkorosho hulisha nyumba miaka mingi, na fedha ya fidia huliwa mara moja ikaisha. Na ndugu wa Nachingwea wasiseme halituhusu. Karanga za Kongwa hazikuwahusu pia, mpaka tingatinga lilipofika mlangoni.

Sisi twatoa shauri letu, mlipime. La kwanza, madini ni mali ya Jamhuri, lakini shamba lililo juu yake lina mwenyewe. Chama kisiunge mkono mgodi wo wote kabla mwenye shamba hajalipwa fidia kamili, ya haki na ya mapema, kama sheria inavyosema. Mtu asihamishwe kwa ahadi. La pili, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeupa Mkutano wa Kijiji sauti. Tuwafundishe wanachama sheria hiyo, na mikataba isomwe kwa Kiswahili mbele ya watu. La tatu, kila kijiji kitenge msitu wake, kama Sheria ya Misitu ya 2002 inavyoruhusu, na chemchemi zisiguswe.

Huenda mtayakataa yote matatu. Yakataeni hapa, kwa hoja, mkitazamana usoni. Lakini tusiyakubali hapa mchana, kisha usiku tukayatukana kwenye baraza la kahawa. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru wa leo haji na bunduki. Huja na karatasi ya kutia sahihi.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba darasa lililo kimya si lazima limeelewa. Chama ni vivyo hivyo. Kwa hiyo ulizeni, ndugu zetu. Sasa ni zamu yenu kusema.

Uhuru na Kazi!