Pilipili Hoho Penye Baridi

Fungueni kurasa zenu, mfuate kwa kidole ninaposoma.

Leo tutajifunza kupanda pilipili hoho katika sehemu za baridi, kama Njombe na Makete. Huko, mwezi wa Juni na Julai, usiku huwa na baridi kali. Asubuhi nyingine majani huonekana meupe kwa sakitu. Sakitu ni barafu nyembamba juu ya majani.

Kabichi huvumilia sakitu kidogo. Pilipili hoho haivumilii, kwa maana asili yake ni nchi za joto za Amerika. Usiku mmoja waweza kuua miche uliyoitunza miezi miwili. Basi, tufanyeje?

Kwanza, mbegu. Mbegu ya hoho yataka joto. Katika udongo wa baridi hukawia kuota, na pengine huoza. Kwa hiyo usiisie bustanini. Mwanzo wa Septemba, chukua makopo, uyatoboe chini ili maji yatoke. Tia udongo laini na samadi iliyooza. Fukia mbegu sentimita 1. Weka makopo jikoni, karibu na meko, lakini yasiungue. Mbegu zikiota, yatoe juani kila mchana, na jioni uyarudishe ndani.

Pili, kuhamisha. Baada ya majuma 6 mpaka 8 miche huwa tayari. Lakini usifuate kalenda peke yake. Asubuhi tia kidole udongoni. Udongo ukiwa baridi sana, ngoja. Kungoja juma moja si hasara. Kupoteza miche yote ni hasara. Chagua mahali penye jua kutwa, karibu na ukuta, kwani ukuta hutunza joto la mchana. Acha sentimita 45 kati ya mche na mche.

Tatu, kulinda. Usiku wa baridi funika miche kwa ndoo au kikapu, na asubuhi funua.

Nne, kuchuma. Usingoje matunda yote yawe mekundu. Hoho ya kijani ni tunda lisiloiva, nalo huliwa. Kabla ya baridi ya Juni, chuma yote yaliyokomaa.

Sasa jibuni katika madaftari:
1. Sakitu ni nini?
2. Kwa nini tunasia mbegu jikoni?
3. Utajuaje kwamba udongo uko tayari?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.