Rangi ya Trela Langu: Mazungumzo Mbele ya Wanafunzi wa Zamani



Katibu ameniomba niseme machache juu ya shughuli za mtu aliyestaafu. Wenzangu walionitangulia wamezungumzia maparachichi na ng'ombe wa maziwa. Mimi sina shamba la kujivunia, kwa hiyo nitazungumza juu ya trela.

Wengi mmeliona hapo njia panda ya Uyole, barabara ya Tukuyu inapoachana na barabara kuu iendayo Zambia. Ni nyumba ya bati juu ya magurudumu, nyeupe yenye mkanda wa kijani, na ndani yake mke wangu huuza chai na maandazi. Nililinunua mwaka 2017 kwa fedha za kiinua mgongo, wakati huo likiwa banda la kuku. Ubavu wake ni wa aluminiamu, chesisi ni ya chuma, na paa lilikuwa na viraka vipya vya bati la zinki.

Nilimwajiri kijana mmoja, fundi rangi. Alipitisha kiganja juu ya paa akasema, "Mzee, hapa panateleza. Bila praima rangi haitashika." Nilimjibu kwamba nilianza kupaka rangi kabla yeye hajazaliwa. Ilikuwa Novemba, mawingu yamekwisha kukusanyika, nami nilitaka biashara ianze kabla ya Krismasi. Tukapiga mikono miwili ya rangi ya mafuta kwa siku mbili. Lilipendeza kweli kweli.

Kufika Machi 2018 rangi ilikuwa ikibanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Maji yalipenya penye skrubu, yakalowesha unga wote, na mke wangu akafunga biashara wiki tatu. Nami nilimwendea yule kijana, nikamwita mwizi mbele ya wenzake, nikakataa kumlipa nusu ya ujira iliyokuwa imebaki.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza, jambo nililopaswa kulifanya mwanzo. Nilijifunza kwamba trela langu lilikuwa na magonjwa matatu, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni chuma. Chuma kikipata maji na hewa hufanya kutu, na rangi iliyopakwa juu ya kutu huanguka pamoja nayo. Hapana budi kukwangua kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kisha kupaka praima ya kuzuia kutu.

La pili ni zinki. Rangi ya mafuta ikiwekwa moja kwa moja juu yake, zinki na mafuta hayo hufanya namna ya sabuni katikati, na rangi hukosa pa kushika. Yafaa kuosha bati vizuri na kupaka praima iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki.

La tatu ni aluminiamu. Hii haili kutu kama chuma, maana hujifunika yenyewe kwa utando mwembamba. Mwaka 1959 Wamarekani walioongozwa na Wally Byam waliondoka Cape Town kuelekea Cairo wakivuta trela za Airstream, ambazo aluminiamu yake iling'aa bila kupakwa rangi. Lakini ukitaka kuipaka, utando ule uleule ndio unaokataa rangi. Huoshwa mafuta, husuguliwa kwa msasa, na praima yake hupakwa siku hiyohiyo. Tena, skrubu ya chuma ikikaa ndani ya aluminiamu penye unyevu, aluminiamu ndiyo huliwa. Mashimo yangu yalitokana na hilo. Siku hizi nimetumia ribiti za aluminiamu, na viungo vyote vilizibwa kabla ya kupaka.

Neno moja la hadhari: rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi. Msizisugue kavu mbele ya watoto. Lowesheni msasa kwa maji, na mabaki yakusanywe.

Basi, ndugu zangu, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nilimfuata yule kijana kijiweni kwake, nikaomba radhi mbele ya walewale waliosikia nikimtukana, nikampa fedha zake. Alizihesabu, akazitia mfukoni, kisha akaniuliza kama safari hii nimenunua praima. Nikamwambia twende dukani pamoja, achague yeye.

Tulirudia kazi Septemba 2018, wakati wa ukavu. Uyole iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na umande wetu mnaujua. Yeye ndiye aliyepanga saa: hatuanzi kabla ya saa nne asubuhi, tunaacha saa tisa alasiri. Siku nne zilikwenda katika kukwangua na kuosha, mbili tu katika rangi. Mpaka leo rangi ile imeshika.

Nimesikia kamati ikipendekeza tupake mabati ya mabweni kabla hatujatawanyika. Fedha hizi ni jasho la wengi, na wengine hapa wametoa kidogo walichokuwa nacho. Naomba tungoje ukavu, praima iingizwe katika bajeti, na fundi akisema neno, asikilizwe, hata akiwa na umri wa wajukuu zetu.