Tuketi na Jirani wa Ng'ambo ya Mpaka

Hotuba kwa wanachama na waumini wa Kisii na Nyamira



Tumeombwa tuseme juu ya mataifa yaliyofungwa na mkataba mmoja, na namna wananchi wake wanavyoweza kuelewana. Hatutawapeleka mbali. Ukipanda matatu mjini Kisii, ukapita Migori, unafika Isebania, na ng'ambo ya pili ni Sirari, nchi ya Tanzania. Ndugu zetu Wakuria wanaishi pande zote mbili, na lugha yao ni jamaa ya karibu ya Ekegusii. Mstari unaowapasua ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 na 1890. Mzee wa Kikuria hakuulizwa.

Basi na tuanzie hapo, kwenye kutoulizwa. Tarehe 6 Juni 1967 Kenyatta, Nyerere na Obote walitia sahihi mjini Kampala mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Reli, posta na simu, bandari na ndege vikawa vya pamoja. Miaka kumi haikutimia vema, Jumuiya ikavunjika. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, nao ukabaki umefungwa hadi mwishoni mwa 1983. Wakubwa walikuwa na sababu zao: ubepari huku na ujamaa kule, ugomvi wa kugawana faida, na Amin kukalia kiti cha Kampala. Lakini mama wa Isebania aliyemwoza binti yake Tarime hakuwa na ugomvi na mtu yeyote, na ndiye aliyefungiwa njia. Mali ya Jumuiya ilipogawanywa kwa mapatano ya 1984, hasara ya mama huyo haikuingia katika hesabu.

Jumuiya ya pili ilitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na safari hii mkataba ukatamka kwamba msingi wake ni watu. Maneno mazuri. Kwa haki tuseme kwamba baadaye wananchi waliulizwa kweli. Katika 2006 na 2007 kila nchi ilitafuta maoni juu ya kuharakisha shirikisho la kisiasa. Watanzania walio wengi wakakataa haraka hiyo, na marais walipokutana Arusha Agosti 2007 wakakubali kutoharakisha. Wako wenzetu walionung'unika. Sisi tulifurahi, maana si mara nyingi katika nchi zetu neno la mwananchi hushika breki ya gari la rais.

Kasoro ilikuwa kwingine. Kila taifa liliulizwa peke yake, ndani ya chumba chake. Mkenya hakuisikia hofu ya Mtanzania kutoka kinywani mwa Mtanzania. Aliisoma gazetini, akacheka, akasema hao ni waoga.

Sasa tuseme kweli, maana tumo nyumbani mwa Bwana. Hofu kubwa ya Watanzania ilikuwa ardhi, na wanaohofiwa ni watu kama sisi. Nani hapa asiyejua hali ya Gusii? Shamba la babu liligawiwa wana, wana wakawagawia wana wao, na leo kijana anarithi kipande kisichotosha chai na ng'ombe kwa pamoja. Ndugu wa tumbo moja wanapelekana mahakamani kwa ajili ya mstari wa migomba. Kijana huyo akitazama kusini anaona nchi pana, na Mtanzania anamwona akitazama. Je, huo ni uoga? Sisi wenyewe tungefanyaje?

Tena hofu hiyo ina majibu ambayo hatujawahi kupelekeana. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 haimruhusu mgeni kupewa ardhi ila kwa uwekezaji. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji chenyewe. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliacha mambo ya ardhi chini ya sheria za kila nchi. Wangapi kati yetu tuliyajua hayo? Na ni nani amekwenda Tarime kusema: twayajua, na hatudai zaidi?

Kuna na jambo dogo la adabu, nalo huumiza kuliko tunavyodhani. Sisi huingia dukani tukasema "nipe sukari". Mwenzetu huuliza kwanza hali ya nyumbani, kisha husema "naomba". Yeye hutuona wakali. Sisi humwona mvivu wa maneno mengi.

Mwezi Mei 2025 tuliona simu zetu zikifanya kazi ya shetani. Martha Karua na wenzake walikuwa wamezuiwa kuingia Dar es Salaam kuhudhuria kesi ya Tundu Lissu. Hasira ilikuwa ya haki. Lakini matusi yaliyofuata, Wakenya wakizifurika simu za wabunge wa Tanzania, hayakumfungulia Lissu mlango hata mmoja. Mwishoni mwa mwezi huo Rais Ruto, katika maombi ya kitaifa Nairobi, aliwaomba Watanzania msamaha. Rais akishaomba msamaha, wewe na jirani yako bado hamjazungumza.

Simu hiyohiyo yaweza kutumika vingine. Twapendekeza watu ishirini wa hapa na ishirini wa Tarime, waumini na wasio waumini, wa vyama vyote, wawe katika kundi moja la mazungumzo. Kila mwezi jambo moja tu. Anayelalamika aanze, na upande wa pili urudie alichosema mpaka akubali kwamba ameeleweka, ndipo ujibu. Matusi yakitokea, mwenyewe atoke mwezi mzima. Yaliyokubaliwa na yaliyoshindikana yaandikwe ukurasa mmoja, upelekwe kwa wabunge wetu tisa wa Bunge la Afrika Mashariki. Hao huchaguliwa na Bunge la Nairobi, si na sisi, ndiyo maana hawajazoea kupokea barua zetu.

Asiye na simu ya intaneti aketi na mwenye nayo. Mada ya kwanza ni ardhi. Ya pili ni mahindi, maana Machi 2021 serikali yetu ilizuia mahindi ya Tanzania na wafanyabiashara wakakwama na malori mpakani. Daftari la majina liko kwa katibu, hapo mlangoni.