Mchezo wa Mlango Uliofungwa

Shikeni kurasa zenu, tufuatane polepole.

Leo tutasimulia habari za mpira wa kikapu katika chuo kimoja kidogo huko Marekani. Chuo hiki kipo katika mji wa Durham, jimbo la North Carolina. Kilianzishwa mwaka 1910 na Dk. James Shepard, ili watu weusi wapate elimu. Siku zile sheria za jimbo zilitenga watu kwa rangi zao. Mtu mweusi alikuwa na shule yake, na katika basi aliketi nyuma. Michezo nayo ilitengwa.

Mwaka 1940 kijana aitwaye John McLendon alipewa kazi ya kufundisha timu ya chuo. Umri wake ulikuwa miaka 25. McLendon alisoma katika Chuo Kikuu cha Kansas, na mmoja wa walimu wake alikuwa James Naismith, yule aliyebuni mchezo huu mwaka 1891 kwa vikapu vya matunda. Lakini kwa sababu ya rangi yake, McLendon hakuruhusiwa kuichezea timu ya Kansas. Alifundishwa na mwenye mchezo, lakini uwanjani hakuingizwa.

Wakati ule timu nyingi zilicheza polepole. McLendon alifundisha mbio. Aliwakimbiza vijana wake mazoezini mpaka wakawa na pumzi nyingi. Wakipata mpira, mara wanakwenda mbio kufunga kabla wapinzani hawajajipanga. Wakiupoteza, wanambana mwenye mpira uwanja mzima.

Kufika mwaka 1944 timu hii ilishinda karibu kila mchezo. Lakini ilicheza na vyuo vya watu weusi tu. Je, walikuwa hodari kiasi gani? Hakuna aliyejua. Mtu hupimwa na mwenzake, hapimwi na ukuta.

Katika mji huo huo kulikuwa na Chuo Kikuu cha Duke, chuo cha weupe. Wanafunzi wake wa udaktari walikuwa na timu kali sana. Basi pande mbili zikapatana kwa siri. Walichagua Jumapili, tarehe 12 Machi 1944, asubuhi, watu wakiwa kanisani. Weupe walikuja kwa magari kwa njia za kuzunguka, wakaingia wamejifunika makoti usoni. Mlango ukafungwa. Mwamuzi alikuwapo na saa ilikuwapo, lakini watazamaji hawakualikwa. Wanafunzi wachache walichungulia madirishani.

Msidhani hofu yao ilikuwa ya bure. Mwezi Julai wa mwaka huo, katika mji huo huo, askari mweusi Booker Spicely alipigwa risasi na dereva wa basi baada ya kubishana juu ya mahali pa kukaa. Askari akafa. Dereva alishtakiwa, akaachiliwa.

Mwanzoni vijana wa McLendon walitetemeka, wakapoteza mipira. Halafu wakakumbuka mbio zao. Mwisho wa mchezo walikuwa na pointi 88, na wenzao 44. Ni mara mbili kamili! Kisha wakafanya jambo kubwa zaidi. Walichanganya timu, weusi na weupe upande mmoja, wakacheza tena.

Siri hiyo haikutangazwa mpaka mwaka 1996, mwanahistoria Scott Ellsworth alipoiandika. Kwa miaka 52 washindi hawakuweza kujisifu hadharani. Lakini kipimo chao walikuwa wamekipata. McLendon alihamia chuo kingine cha weusi huko Nashville, na timu yake ikatwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vidogo mara tatu mfululizo, mwaka 1957, 1958 na 1959. Alifariki mwaka 1999. Na chuo cha Durham, ambacho sasa ni North Carolina Central University, kilitwaa ubingwa wa taifa wa daraja la pili mwaka 1989. Safari hii milango ilikuwa wazi, na watu walitazama.

Ndugu zangu, sheria ya ubaguzi iliwanyima vijana wale zaidi ya kiti cha basi. Iliwanyima hata kujua nguvu zao wenyewe.

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini McLendon hakuichezea timu ya Kansas?
2. Kwa nini mchezo ulifanywa Jumapili asubuhi?
3. Someni tena maneno haya: “Mtu hupimwa na mwenzake, hapimwi na ukuta.” Maana yake nini?