Jumba la Maajabu na Majirani Zake

Kaeni karibu na redio, na mwalimu wenu aandike ubaoni maneno matatu: CHOKAA, BORITI, KUTU. Someni pamoja nami: cho-kaa, bo-ri-ti, ku-tu. Maneno haya tutayahitaji.

Leo twende Unguja. Simameni Forodhani, bahari iwe mgongoni. Forodhani maana yake ni mahali pa forodha, penye kulipiwa ushuru wa mizigo. Siku hizi ni bustani, na jioni watu huja kula mishikaki na kunywa maji ya miwa. Mkono wa kuume mnaona kuta nene. Hiyo ni Ngome Kongwe, waliyoijenga Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17, walipokwisha kuwafukuza Wareno. Mahali pale palikuwa na kanisa la Wareno. Baadaye ngome ikawa gereza. Mkono wa kushoto ni Beit al-Sahel, nyumba waliyokaa Masultani mpaka Mapinduzi ya 1964. Katikati ndipo penye Jumba la Maajabu.

Jumba hili alilijenga Sultani Barghash bin Said katika mwaka wa 1883. Hakulijenga kwa kulala, bali kwa karamu na kupokea wageni wakubwa. Kwa nini likaitwa la maajabu? Kwa sababu ndilo lililokuwa la kwanza Unguja kuwaka taa za umeme, na baadaye likawekwa lifti, yaani chumba kidogo kinachopandisha watu ghorofani bila ngazi. Lakini mimi naona ajabu kubwa zaidi ni upana wa vyumba vyake. Nyumba za Mji Mkongwe hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari hubebwa na boriti, miti ya mikoko. Boriti si ndefu; kwa hiyo chumba huwa chembamba, hata mwenye nyumba awe tajiri namna gani. Barghash alitia vyuma: mihimili ya chuma ndani, na nguzo za chuma kuzunguka baraza. Ndipo akapata kumbi kubwa.

Sasa sikilizeni. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu asubuhi, manowari za Waingereza zilipiga mizinga majumba haya, kwa kuwa Khalid bin Barghash alishika usultani bila idhini yao. Vita ilidumu dakika kama 40 tu, wala haikufika saa nzima. Waliokufa na kuumia upande wa Khalid walikuwa kama 500. Jumba la Beit al-Hukm, lililokuwa jirani, likaharibika kabisa. Mnara wa taa uliokuwa mbele nao ukavunjika. Jumba la Maajabu likasimama. Mwaka uliofuata likatiwa mnara wa saa mbele yake, na tangu 1911 likawa ofisi za serikali ya Waingereza. Baada ya Mapinduzi lilitumiwa na chama cha Afro-Shirazi, kisha likawa makumbusho. Ndani yake paliwekwa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja.

Basi mizinga haikuliangusha. Ni kitu gani basi kilichokuwa adui yake? Ni maji. Paa likivuja, chokaa hunyonya maji na kulegea. Boriti huoza. Chuma hushika kutu, na chuma chenye kutu huvimba, kikavunja jiwe lililokizunguka. Kazi hiyo huenda polepole ndani ya ukuta, mahali jicho lisipofika. Mwaka 2012 sehemu ya baraza ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, jumba likiwa katika kutengenezwa, sehemu kubwa ya upande wa mbele ilianguka pamoja na ule mnara wa saa. Mafundi walikuwa ndani wakifanya kazi. Watu wawili walikufa.

Mtu mmoja aliniuliza, "Kwa nini kulijenga tena jumba la Sultani?" Swali si baya. Lakini mawe yale hayakubebwa na Sultani; waliyabeba wapagazi na waashi, ambao majina yao hayakuandikwa mahali popote. Serikali ya Zanzibar iliamua lijengwe upya.

Haya, kalamu mkononi. Andikeni sentensi hizi:

Chokaa hunyonya maji.
Boriti ni mti wa mikoko.
Chuma chenye kutu huvimba.

Kisha mkifika nyumbani, angalieni dari zenu. Mkiona alama ya maji, pimeni upana wake kwa shubiri, mwandike tarehe, na mpime tena mvua ikiisha. Juma lijalo kila mmoja atasoma darasani alichoandika. Kwa herini.